Mama ameanguka uani akienda kutawadha: nianze kurekebisha wapi?

Kitinda Mimba

Salamu kwenu wote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulifanya hili kwa mikono yao, maana sisi ndugu tumebishana mpaka watu hawapokeleani simu.

Mama yangu ana miaka 78. Anakaa Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba. Ni zile nyumba zetu mnazozijua: korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa nyuma unatokea uani penye jiko, bafu na choo. Kutoka koridoni kwenda uani unashuka vidato viwili. Choo ni cha kuchuchumaa, na mlangoni kina kizingiti cha kama shubiri moja, kiliwekwa kuzuia maji ya mvua.

Wiki mbili zilizopita aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, umeme umekatika, akawa anashuka huku anapapasa ukuta. Kidato cha pili hakukipata. Alikaa pale chini kwenye maji, kopo la udhu limemwagika, mpaka mpangaji wa chumba cha mbele alipotoka kwenda kazini. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini paja lilikuwa jeusi kama bilinganya. Na tangu siku hiyo, ikishapita magharibi hanywi maji, ili usiku asiamke. Hilo la maji ndilo linaloniliza.

Kaka anasema tumlete Dar. Mama hataki kusikia: ana watoto anaowasomesha juzuu barazani, ana wenzake wa upatu, na baba kazikwa huko. Dada kamnunulia poti la chumbani, amelifunika kanga na halijaguswa. Mimi nina pesa ya kufanya jambo moja au mawili, si kubomoa. Nilifikiria mteremko badala ya vidato, na marumaru mpya chooni. Je, ni sawa?

Fundi wa Pwani

Pole kwa mama, dada. Marumaru usiweke. Zile zinazong'aa zikipata maji na sabuni hata kijana anateleza. Sakafu ya saruji iliyochorwa kwa fagio kabla haijakauka ni rahisi zaidi na inashika mguu.

Mteremko ni mzuri, ila piga hesabu kwanza. Kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Vidato viwili vya kawaida ni kama sentimita 30, kwa hiyo unahitaji mita 3 na sentimita 60. Ua wa Ngamiani utazipata wapi hizo? Watu wanaulazimisha kwa mita moja na nusu, unakuwa mkali, na mvua ikinyesha ni hatari kuliko ngazi. Kwa kuwa mama yako anatembea, mimi ningevunja vile viwili nikajenga vitatu vya sentimita 10, vipana, mguu wote ukae. Kingo zake zipakwe rangi nyeupe.

Halafu bomba la kushikia, kuanzia mlangoni mpaka chooni. Usikubali fundi akufungie kwa skrubu kwenye ukuta wa zamani. Plasta ile imelegea, na mzee akiteleza anaweka uzito wake wote pale kwa mara moja, litang'oka naye. Nguzo za bomba la chuma zichimbiwe chini, zimwagiwe zege, na zipewe siku za kukauka kabla hajazishika.

Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, kabla ya saruji nina swali: mama anatumia dawa za presha? Wazee wengi wakiinuka ghafla kitandani presha inashuka, wanaona giza, wanaanguka, halafu tunalaumu ngazi. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, dakika mbili tatu, ndipo asimame. Kama ana dawa ya kukojoza na anaimeza jioni, muulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Msiikatishe wenyewe. Hospitali za serikali zina dirisha la wazee, na apimwe macho siku hiyohiyo. Anayekosa kidato anaweza kuwa na mtoto wa jicho.

Maji anywe. Anywe mengi mchana, apunguze tu saa mbili za mwisho kabla ya kulala. Mzee akikaukiwa anapata kizunguzungu, na mtarudi palepale.

Na kandambili zilizolika kisigino zitupwe leo. Akianguka tena akashindwa kukanyaga, au mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeuka nje, msimkande wala msimvute. Hospitali moja kwa moja.

Mwana wa Mombasa

Pole sana dadangu. Babangu alikataa poti vilevile, aliona ni aibu mjukuu kumwaga haja zake. Kilichomfaa ni kiti cha mbao chenye tundu, seremala alikitengeneza kikae juu ya choo cha kuchuchumaa, na mikono pande mbili ya kujiinulia. Mwanzo tulikata kiti cha plastiki, kikapasuka mguu mwezi wa kwanza. Pimeni kimo kwa mzee mwenyewe: akikaa, nyayo zote ziguse chini.

Kitinda Mimba

Nimerudi kutoka Tanga jana, nawaletea habari.

Dawa ya kukojoza kweli alikuwa anaimeza usiku pamoja na zile nyingine, ili asisahau. Daktari ameihamishia asubuhi. Jicho la kulia lina mtoto, tumepangiwa tarehe.

Vidato sasa ni vitatu, na kizingiti cha choo tumekiondoa, maji ya mvua tumeyachimbia mfereji pembeni. Ndoo na kamba ya nguo zimehamia upande wa jiko. Nimefunga taa ya sola inayowaka mtu akipita, kwa hiyo umeme ukikatika haitusumbui. Kiti kiko kwa seremala.

Fundi alitaka kuweka bomba kwa kimo anachokijua yeye. Mama akamwambia subiri. Akatoka chumbani na fimbo ya ufagio, akaisimamisha chini, akashuka vidato vyote polepole akiishika pale mkono wake ulipotaka kukaa. Kisha akachana kipande cha kanga kuukuu akafunga fundo palepale, akampa fundi. Bomba limekaa kwenye kimo hicho, chini kidogo ya alichotaka fundi.

Nilikaa naye usiku tatu. Usiku wa mwisho nilisikia mlango wa nyuma, nikainuka nimfuate, nikamkuta anarudi, mkono kwenye bomba, kopo mkono wa pili. Akaniuliza mbona silali. Kisha akaomba maji ya kunywa.