Binti wa miaka 16 anataka kwenda kujitolea nje ya nchi, nimruhusu?

MzaziMakini:
Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Binti yangu ana miaka 16, amepata programu ya kujitolea nje wakati wa likizo, wanaenda kikundi na wanasema watasaidia kwenye kituo cha watoto yatima na kufundisha kidogo. Hela tunalipa sisi na si ndogo, nikiuliza inaenda wapi naambiwa tu inagharamia kila kitu. Mtoto ana hamu kweli na sitaki kumvunja moyo, ila roho yangu haijatulia. Niulize nini kabla sijalipa?

Kivuli77:
Mimi hapo kwenye kituo cha yatima ndo ningesimama. Wengi wa watoto wanaoishi kwenye vituo kama hivyo wana mzazi hai, na Nepal na Kambodia imeripotiwa sana watoto kutolewa kwao vijijini wakajazwa vituoni kwa sababu wageni wanakuja na hela. Mpaka Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2019 lililitaja hili kwenye azimio la haki za mtoto. Halafu fikiria mtoto wa miaka minne, anamzoea binti yako, anamshika mkono kila asubuhi wakienda kunawa, wiki mbili tu dada kaondoka kaja mwingine, na huyo naye anaondoka, mwaka mzima hivyo hivyo. Binti ana nia njema kabisa lakini anayeumia ni yule mdogo. Omba abadilishiwe kazi, wakikataa tafuta programu nyingine.

Safari_Njema:
Naungana na Kivuli. Na jua kwamba Peace Corps (shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu kujitolea nje) na wale wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa hawachukui chini ya miaka 18, kwa hiyo anayechukua wa 16 akueleze vizuri anawalinda vipi. Kiongozi mmoja anasimamia vijana wangapi, wanalala wapi, usiku mtoto akiugua nani anapokea simu. Bima iwe na kipengele cha kumsafirisha mgonjwa. Viza pia waulize, nchi nyingi viza ya utalii hairuhusu kazi hata kama hulipwi, na barua ya idhini ya wazazi mkaigonge muhuri kwa wakili. Kama huko wanadai chanjo ya homa ya manjano achanjwe angalau siku 10 kabla, cheti siku hizi ni cha maisha.

Mpenda_Jamii:
Jamani tusimtishe mzazi, zipo programu nzuri za vijana wa sekondari. AMIGOS de las Américas, shirika la Marekani la vijana wa kujitolea, walianza 1965 wakienda Honduras kuchanja watu polio, na mpaka leo wanapeleka vijana Amerika ya Kusini na ya Kati. Cha kuangalia ni nani aliyeiomba hiyo kazi, wenyeji au ofisi inayouza safari? Na binti asipewe kazi ambayo hapo kwenu asingeruhusiwa kuifanya, kama hajasomea ualimu asiachiwe darasa peke yake, achanganye zege, apande miti, chini ya fundi wa hukohuko anayelipwa.

MzaziMakini:
Asanteni sana ndugu zangu. Jioni nakaa na binti tuandike haya maswali pamoja, na nataka wayajibu kwa maandishi, pamoja na mchanganuo wa hela. Mpenda_Jamii, ukiwaomba mawasiliano ya familia zilizowahi kupeleka watoto huwa wanatoa?