Naomba ushauri: kanyagio la breki hutetemeka barabara ikiwa imelowa

Mwanagenzi:
Ndugu wanajukwaa, naomba mnielimishe. Baada ya kuendesha kwa muda mrefu gari lisilo na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge (yasiache kuzunguka) ukikanyaga breki kwa nguvu, sasa ninatumia lenye mfumo huo. Nikifunga breki kwa nguvu barabara ikiwa imelowa, kanyagio hutetemeka chini ya mguu na husikika mlio wa kukwaruza, nami huingiwa na hofu kwamba kuna kitu kinavunjika. Nilifundishwa kukanyaga na kuachia mara kwa mara ili matairi yasijifunge. Je, niendelee hivyo? Na kwa nini gari hukataa kufuata usukani nikifunga breki ghafla katikati ya kona?

Dereva wa Masafa:
Ndugu Mwanagenzi, mtetemo huo ndiyo ABS yenyewe ikifanya kazi. Vihisi hupima kasi ya kila gurudumu, na moja likitaka kujifunga ilhali gari bado linakwenda, mfumo hupunguza presha ya breki yake na kuirudisha mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa wepesi ambao mguu wa binadamu hauna. Kwa hiyo usiachie. Kanyaga kwa nguvu, shikilia mpaka hatari ipite, na uendelee kuuelekeza usukani kule unakotaka kupita. Ukiachia, unauondolea mfumo presha unayoihitaji na gari litachelewa kusimama. Ulichofundishwa kinafaa kwa gari lisilo na ABS.

Kuhusu kona, mshiko wa tairi una kikomo, na ni huo huo unaopunguza mwendo na kugeuza gari. Ukiumaliza kwenye breki, hakuna unaobaki wa kugeuzia, na gari litanyoosha hata ukikata usukani mpaka mwisho. ABS hukubakizia sehemu ya mshiko kwa ajili ya usukani, lakini haiwezi kuongeza mshiko ambao tairi na barabara havina. Punguza mwendo njia ikiwa bado imenyooka, kisha ndipo uingie kwenye kona. Matairi ya mbele yakianza kuteleza, hofu hukusukuma uzidishe kukata usukani. Wewe ondoa mguu kwenye mafuta na uurudishe usukani kidogo hadi yashike tena.

Mwalimu wa Udereva:
Nakubaliana naye, ila kwenye changarawe au mchanga ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi lililojifunga hulimbikiza changarawe mbele yake na tuta hilo dogo husaidia kulizuia gari. Usukani, hata hivyo, utaendelea kukutii.

Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka takriban mara nne. Kwa kilomita 90 kwa saa gari hupita mita 25 kila sekunde, nazo hupita kabla mguu wako haujafika kwenye breki. Acha nafasi ya angalau sekunde 2 nyuma ya gari lililotangulia, na 4 mvua ikinyesha.

Mwanagenzi:
Nawashukuru sana, walimu wangu. Nimalizie kwa hili: nikishuka mteremko mrefu, kanyagio huwa laini na kuzama. Je, hiyo nayo ni ABS?

Fundi Mkongwe:
Hapana ndugu yangu, na hilo usilichukulie kirahisi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Breki zikipata joto kali yanaweza kuchemka na kutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika, mguu unazama bila nguvu kufika kwenye pedi. Mpe fundi akague mfumo mzima kabla hujashuka tena mteremko, kwa sababu kanyagio kuzama kunaweza pia kutokana na hewa iliyoingia kwenye mabomba au mafuta yanayovuja. Magari mengi hutakiwa kubadilishwa mafuta hayo kila baada ya miaka 2 hivi. Kitabu cha gari lako kitakueleza.

Mteremkoni, ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, injini ilizuie gari, na usiburuze breki njia nzima. Kanyagio likizama ukiwa njiani, lipige haraka haraka ili kurudisha presha, shusha gia, kisha vuta breki ya mkono taratibu huku umebonyeza kitufe chake, maana ukiivuta kwa mkupuo magurudumu ya nyuma hujifunga na gari linaweza kuzunguka.