Picha za maonyesho ya studio Bagamoyo: kioo, fomubodi au kanvasi?

Ngalawa_Dunda
Wakuu, habari za mchana. Mwisho wa Aprili nafungua studio kwa watu, Ijumaa na Jumamosi, hapa Mji Mkongwe Bagamoyo. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, plasta ya chokaa, mlango mkubwa unatazama bahari. Nina picha ishirini: mafundi wa majahazi, kina mama wanaoanika dagaa, magofu ya Kaole. Kamera ni ya megapikseli 24, na nataka zote ziwe A3. Njia ziko tatu: fremu za kioo kwa fundi wa hapa, kubandika kwenye fomubodi (ubao mwepesi wa povu katikati ya karatasi mbili) bila kioo, au kuchapisha kanvasi Dar na kuivuta kwenye mbao. Nyie mngechukua ipi? Watakaokuja ni mchanganyiko: majirani, wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, watalii wachache.

Fundi Fremu
Kioo. Picha isiyo na kioo watu wanaiona kama bango la kampeni. Ila paspatu, ile kadibodi yenye dirisha inayokaa kati ya picha na kioo, ni lazima, mkuu, na si urembo. Masika hii picha ikigusa kioo inanata, na ikishanata huibandui tena, rangi inabaki kwenye kioo. Paspatu inaiachia hewa ya milimita moja au mbili, inatosha. Usikubali fremu ya MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, unyevu wa pwani unaivimbisha kwenye kona. Mninga mkavu. Na picha isipakwe gundi mgongo mzima: ishikwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi, ining'inie, ikitanuka isijikunje.

Bi Chumvi
Fundi anavutia upande wake, tusimlaumu 😄 Lakini kaka, mlango unatazama bahari, maana yake jua la asubuhi linaingia moja kwa moja. Mtu akisimama mbele ya kioo atajiona yeye na majahazi ya nje, picha haioni. Mimi ningechukua fomubodi ya milimita 5, karatasi ya mati, isiyong'aa. Na fikiria ukuta wako! Plasta ile ya chokaa ukigonga msumari, unatoka na kipande sawa na chapati. Fremu ishirini za kioo zitabebwa na nini? Funga ubao mrefu juu, kwenye boriti, halafu ning'iniza kwa mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Unabeba na hauonekani. Katikati ya kila picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, hata kama picha zinatofautiana ukubwa.

kijana_wa_magomeni
Fomubodi kwa hewa ya hapa inapinda. Ukibandika karatasi upande mmoja inavuta, asubuhi unakuta picha zimejikunja kama majani. Ama ubandike karatasi tupu na mgongoni ili zivutane, ama uachane nayo uchukue PVC, ubao wa plastiki, ya milimita 3. Watu wa mabango wanayo, haili maji.

Bi Chumvi
Hapo kwenye PVC nakuunga mkono. Ila wasimshawishi apige laminesheni ya kung'aa juu yake, atakuwa amerudi kulekule kwenye kioo.

Dada Kaole
Kanvasi mnaipita kimyakimya. Haimulikimuliki, ni nyepesi, ikilegea unagonga kabari za kona inakaza. Ubaya wake ni mmoja, na kwa picha zako ni mkubwa: ufumaji wake unakula vitu vidogo. Ile kalafati, pamba ya kuziba maungio ya mbao za jahazi, mikunjo ya vidole vya fundi, vyote vinafifia. Kwa magofu ingefaa.

Mzee wa Filamu
Mnagombania fremu na picha haijachapwa. Kijana, kamera yako inatoa pikseli 6000 kwa 4000, yaani uwiano wa 3 kwa 2. A3 ni milimita 297 kwa 420, uwiano mwingine kabisa. Ukiijaza karatasi, unakatwa karibu sentimita mbili na nusu kwenye upande mrefu, na kama kuna mtu amesimama pembeni basi kichwa kimekwenda. Chapisha 30 kwa 45, inaingia nzima, na bado una nukta zaidi ya 300 kwa kila inchi.
La pili, punguza mwanga wa skrini kabla ya kurekebisha chochote. Wengi wanalalamika picha zimetoka nyeusi kumbe skrini ilikuwa inawaka mno. Chapisha moja ya majaribio, ipeleke kwenye ukuta huohuo, iangalie saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Na uulize wino: wa pigmenti (chembe za rangi) unavumilia jua kuliko wa dai (rangi iliyoyeyushwa).

Ngalawa_Dunda
Mzee, shikamoo na asante, hilo la uwiano limeniokoa. Je, mtalii atabebaje PVC kwenye ndege?

Dada Kaole
Habebi. Weka mezani kasha la picha ndogo, 20 kwa 30, kila moja kwenye mfuko wa plastiki na kadibodi nyuma. Hizo ndizo zitakazouzika. Saini nyuma kwa penseli, na ukiandika 3/10, yaani nakala ya tatu kati ya kumi, basi ziwe kumi kweli. Na wale mafundi na kina mama wa dagaa, kila mmoja apewe yake kabla mlango haujafunguliwa. Asije mtu akakuta sura yake inauzwa na yeye hana hata nakala.

Ngalawa_Dunda
Sawa dada, na ruhusa zao nilishachukua. Basi ni PVC, 30 kwa 45. Picha tano za mafundi nitazipeleka kwa Fundi Fremu, zikae ukuta wa ndani usiopigwa na jua.

Fundi Fremu
Tano si haba. Usiniletee zimetoka kwenye mashine siku hiyohiyo. Wino ukauke angalau siku nzima, nikifunga mbichi kioo kinashika ukungu kwa ndani halafu utasema ni mimi. Vipimo nitumie leo, mninga nao unataka kukatwa mapema.