Mrejesho: kipimo cha kutembea cha baba baada ya kiharusi

Niliuliza awali iwapo kipimo cha mwendo wa mita 10 kinatosha kuonyesha kwamba baba, aliyepata kiharusi, anaweza kutembea bila msimamizi. Kama mlivyonishauri, nilimwomba mtaalamu wa fiziotherapia aongeze kile cha kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza: akienda moja kwa moja mwendo wake ni mzuri, lakini akigeukia upande uliopooza anapiga hatua fupifupi nyingi huku mkono wake ukitafuta ukuta. Kwa maoni yangu, hilo lina uzito kuliko sekunde anazotumia kumaliza kipimo. Mtaalamu ameandika pia kwamba baba alitumia fimbo, ili kipimo kijacho kifanyike vivyo hivyo na matokeo yalinganishike. Mazoezi sasa yanalenga kugeuka.