Faiba "bila kikomo" inanikaba kila ikifika tarehe 18

Mhariri_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nina faiba ya nyumbani hapa Tabata, Mbps 20, tangazo lilisema bila kikomo. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Mwenzangu wa Moshi hunirushia mafaili ya kamera zake, harusi moja GB 120. Naanza kushusha jioni, asubuhi nakuta zimeingia. Sasa huu mwezi wa tatu mfululizo, ikifika tarehe 18 kasi inaporomoka hadi Mbps 2. Mzigo ule ule unachukua siku tano na nusu! Bibi harusi anapiga simu kila siku, nimwambie nini?

Huduma kwa wateja wamenijibu "matumizi ya haki", mwisho GB 600 kwa mwezi. Kweli ipo kwenye mkataba, ukurasa wa nne, herufi za sisimizi. Lakini kwa hesabu yangu mpaka hiyo tarehe sijavuka hata 220. Naibiwa au?

Kibatari77
Sema ukweli, unashusha torenti wewe 😂

Shukuru angalau imeandikwa. Marekani mwaka 2007 kampuni ya intaneti ya Comcast walibambwa wakiivuruga BitTorrent (njia ya kugawana mafaili, ndiyo torenti hizo) kimyakimya, wanatuma pakiti bandia za kukata mawasiliano. FCC, wasimamizi wa mawasiliano wa kule, ikawabana Agosti 2008, na Oktoba wakaanza kutumia kikomo cha wazi, GB 250 kwa mwezi.

Mhariri_Tabata
Torenti niliacha chuoni, mkuu.

FundiWaya
Mimi navuta faiba mitaani. Uzi mmoja wa GPON (mfumo wa faiba unaogawana uzi mmoja kwa nyumba nyingi) unashusha karibu Gbps 2.5, yaani Mbps 2,500, unagawiwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zikivuta Mbps 20 kwa mpigo ni Mbps 1,280, nusu tu ya uzi. Kwa hiyo mtu wa kampuni akikwambia unawabania majirani hapo mtaani, mkatalie. Foleni ipo mbele, kwenye uwezo ambao kampuni imenunua kwenda nje, na inabana usiku watu wakishakula, wamekaa na tivii. Anayeshusha saa tisa usiku hamuumizi mtu. Kuhesabu jumla ya mwezi ni uvivu, wangebana saa za foleni tu.

Ila kampuni nyingine huhesabu na unachopandisha. Ingia kwenye ruta uangalie kifaa kimoja kimoja. Una kamera za ulinzi?

Mhariri_Tabata
Kamera za kazi tu. Ngoja kwanza…

Mhariri_Tabata
Nimerudi. Ni kamera ya getini ya mwenye nyumba. Siku anaifunga aliniomba nenosiri la waifai "kwa muda", nikampa, nikasahau. Inapandisha Mbps 2 mchana na usiku, hata kama getini amelala paka tu.

FundiWaya
Mbps 2 bila kupumzika ni GB 21.6 kwa siku. Mara 18 inakuja 389. Jumlisha na zako.

Mhariri_Tabata
Mimi 211. Jamani! 600 kamili.

Kibatari77
Badili nenosiri leo leo, akiuliza mwambie mtandao unasumbua.

FundiWaya
Usimfanyie hivyo mzee wa watu. Mwekee kadi ya memori, halafu seti irekodi mtu akipita tu.

Mhariri_Tabata
Kadi nitanunua mwenyewe. Shida ni kwamba kodi yangu imeisha tangu tarehe mosi na mzee hajaniuliza. Nikigonga mlango wake saa hizi atajua nimeleta hela.