Langalanga: bingwa awe mwenye pointi nyingi au aliyeshinda mbio nyingi?

Mwana Igoma: Wakuu, msimu wa langalanga (Formula 1) wa 2025 umeniacha na donge. Lando Norris kachukua ubingwa kwa pointi 423, Verstappen 421. Hesabuni ushindi sasa: Verstappen mbio 8, Norris 7. Hata ya mwisho pale Abu Dhabi kashinda Verstappen, Norris wa tatu. Mimi nasema aliyeshinda mbio nyingi ndiye bingwa.

Fundi Mabatini: Keke Rosberg 1982 alichukua ubingwa kwa kushinda mbio moja tu, na kombe analo. Kuokota pointi siku ambayo gari halina kasi ndio udereva wenyewe. Halafu ninyi wa Verstappen tulieni, ubingwa wa 2021 mlibebwa mbele ya Hamilton.

Bwiru Juu: Nani kabebwa? Waliingia mbio ya mwisho Abu Dhabi wako sawa kwa pointi, 369.5 kwa 369.5. Dereva Latifi kagonga ukuta, gari la usalama la kupunguza mwendo likaingia, Verstappen kabadili tairi, Hamilton kabaki na zilizochoka. Kosa la nani?

Fundi Mabatini: Usiruke kipengele. Masi, mkurugenzi wa mbio, aliruhusu magari matano tu yalipite gari la usalama, yale yaliyokuwa katikati yao wawili, kisha akafungulia mbio umebaki mzunguko mmoja. Kama ilikuwa halali, mbona msimu uliofuata kiti kile alipewa mwingine?

Kinondoni: Watu wa Mwanza nanyi langalanga mmeijulia wapi? Jadilini sangara na dagaa.

Mama Mwaloni: Wewe kaka, ishia hapohapo. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba na mbio hizo nazifuata kila msimu. Malori yakipakia hapa, dereva anainama anapitisha kidole gumba kwenye kashata za tairi. Likiwa kipara, haondoki. Kwa hiyo usinifundishe kilichompata Hamilton.

Kinondoni: Dada, tairi za langalanga za njia kavu hazina kashata hata zikiwa mpya. Ndicho nilichokuwa nasema.

Mama Mwaloni: Hukusema hivyo. Ulisema dagaa.

Bwiru Juu: Mwache mama wa watu. Tairi kuchoka ni kuchoka, liwe na kashata au lisiwe nazo.

Mzee Nyegezi: Vijana wa Dar mnasahau. Mbio za magari za Safari Rally zilianza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kanda hii imekula vumbi la mashindano kabla hamjazaliwa. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kazishinda mara 5. Mwaka 1973 alilingana kabisa na mpinzani wake Källström kwa pointi za adhabu, wakaangalia nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Mehta akapewa.

Kinondoni: Shikamoo mzee, lakini Mehta alikuwa anahesabika Mkenya. Na Safari ya leo ni Naivasha, Tanzania haimo.

Mzee Nyegezi: Marahaba. Nimesema mzaliwa, soma vizuri.

Fundi Mabatini: Mmetaja Naivasha, basi jibuni hili. Mwaka 2025 dereva wa rally Ogier hakuja kabisa, Safari akashinda mpinzani wake Evans. Mwisho wa msimu bingwa wa dunia nani? Ogier, ubingwa wa 9, kamfikia Loeb mwenye 9 pia. Mtu anachagua raundi za kwenda na bado anawapiga waliokwenda zote!

Bwiru Juu: Kwani nani kawazuia hao waliokwenda zote wasimpite?

Mama Mwaloni: Evans kafanya kazi mwaka mzima, jamani. Hilo halikuumi?