Mrejesho: yule kijana wangu wa miaka 9 mwenye kilo 48

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa pili niliomba ushauri hapa: mwanangu ana kilo 48, akipanda ngazi hadi ghorofa ya pili anahema kama katoka kubeba zege.

Nilianza na vinywaji. Aisee, soda ya nusu lita ina gramu 50 hivi za sukari! Juisi ya boksi ya shule nikaikata, anabeba maji. Mtihani ulikuwa bibi yake: "Mnamtesa mjukuu wangu kwa njaa." Ikabidi nimweleze alichosema daktari, kwamba mtoto anayekua hakimbizwi kupungua, kilo zisimame, urefu uzifuate. Ugali anakula, ila nusu ya sahani ni mchicha na maharage.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wapate dakika 60 za mazoezi kwa siku. Kamba aliruka siku tatu akaichoka. Kilichomkamata ni chandimu ya mtaani. Anarudi magharibi magoti yamejaa vumbi, simu hata haulizi.

Leo miezi sita: kilo 47, urefu umeongezeka sentimita 3. Chipsi mayai za Jumamosi bado zinanishinda.